Mvua, Fidla na Mtoto wa Masunga

Novemba 26
Jana nimemaliza mtihani wa kidato cha nne. Leo kabla hakujapambazuka vizuri Mama ameniamsha twende sokoni kuuza maharage, kana kwamba miaka minne yote shule ilikuwa imeniazima tu na sasa imenirudisha.

Naanza kuandika humu kwa sababu Mwalimu Fabiani amesema kila mwenye cheo kwenye okestra aweke kumbukumbu za msimu huu wa mvua. Wenye cheo tuko wawili. Alois, anayepiga besi, anatunza ufunguo wa ukumbi. Mimi, Avelina, ni kiongozi wa fidla. Alois amesema yeye si mtu wa kuandika, kwa hiyo ukweli wote wa msimu huu utakuwa wa kwangu.

Mwalimu akiwa mbele ya wageni husema okestra yetu ya vijana wa Ufipa ina watu thelathini. Siku ya jua tunafika ishirini. Siku ya mvua tunabaki tisa na mbwa wa parokia. Mwalimu alisomea upadre, akauacha upadre akabaki na muziki, na kwa jinsi anavyotugombeza nadhani Kanisa ndilo lililopata nafuu. Fidla na selo zetu zilitoka Uholanzi, kwa okestra ya vijana wa mji mmoja wenye urafiki na parokia yetu. Baada ya Pasaka hao vijana wenyewe wanakuja kupiga pamoja na sisi. Kwa hiyo mwaka huu hakuna mchezo.

Mvua ilianza katikati ya mazoezi. Ukumbi hauna dari, ni bati tupu. Mwalimu aliendelea kutuelekeza, midomo tunaiona, sauti hatuisikii, na sisi tukaitikia kwa vichwa kama watu wanaoelewa.

Desemba 1
Tumeletewa mtu mpya. Anaitwa Nyanda, mtoto wa Mzee Masunga, Msukuma mwenye ng'ombe wengi kule Msanzi. Amemaliza kidato cha nne kama mimi, shule nyingine, na hapa Sumbawanga mjini anakaa kwa shangazi yake. Aliingia na kofia yenye unyoya, ngoma mbili zikining'inia mabegani, akatusalimia wote kwa mpigo mmoja, "Mambo vipi," kama mgombea udiwani.

Mwalimu alimuuliza kama anajua noti. Alisema hajui, ila ameshashinda mara nyingi. Nikamuuliza alishinda nini.

"Watu," akasema.

Sikuelewa na yeye hakufafanua. Mwalimu alimpa kiti cha nyuma kabisa. Mazoezi yalipokwisha kile kiti kilikuwa kimefika karibu na changu. Sijui kilisogeaje.

Desemba 2
Mvua. Kiti kimesogea tena.

Desemba 9
Unyevu ukiingia kwenye ngozi, ngoma inalegea na kutoa sauti ya mto wa kulalia. Nyanda leo alileta jiko la mkaa ndani ya ukumbi akawa anazigeuza ngoma zake juu ya moto kama mtu anayechoma mahindi. Moshi ukatoka madirishani. Padre alikuja mbio na ndoo ya maji, akakuta tumekaa kwa adabu tunakohoa. Mwalimu alimweleza kwamba ni utaratibu wa kuweka ngoma sawa. Padre akauliza kama na fidla nazo zinangoja zamu.

Wote walicheka isipokuwa mimi. Nywele zangu zilinuka moshi na Mama aliniuliza nilikuwa ninapika kwa nani.

Desemba 14
Nimemshtaki Nyanda kwa Mwalimu. Hamtazami Mwalimu hata kidogo akiwa anatuongoza, anatazama chini. Alipoulizwa alijibu bila aibu kwamba mikono ya Mwalimu inasema jambo jipya kila siku, kwa hiyo yeye anatazama miguu yetu, maana miguu ndiyo inayopiga.

"Wako wa kushoto unawahi," akaniambia mbele ya watu.

Nilimwambia mguu wangu haumhusu. Nyumbani nimefunga mlango nikapiga huku nikiutazama. Unawahi. Nimemchukia zaidi.

Desemba 25
Tumepiga kwenye misa ya Krismasi. Tulikubaliana kwamba ngoma zisisikike mpaka mwisho kabisa. Nyanda alivumilia mpaka wimbo wa Utukufu, akaingia. Akina mama wa viti vya kati wakasimama na vigelegele, wakatoka kwenye mabenchi yao wakicheza mpaka mbele, na mmoja akanitandazia kitenge mabegani nikiwa bado napiga. Upinde ulinasa kwenye kitenge. Nilipiga kipande kizima kwa mtindo wa mtu anayeteleza.

Watu wanasema haijawahi kutokea misa nzuri kama hii. Mimi nasema tulikubaliana.

Januari 6
Besi imeachia gundi kwa unyevu. Alois aliifunga kwa mpira wa baiskeli akaipakia kwenye bodaboda kuipeleka kwa fundi seremala. Njia nzima watu walivua kofia wakidhani anasindikiza maiti.

Januari 19
Nyanda hayupo wiki nzima. Yuko Msanzi analima kwa plau ya ng'ombe. Nilikuja mazoezini na furaha yangu yote, nikakirudisha kile kiti nyuma kabisa.

Tulianza wimbo wetu mkubwa, ule wa mavuno ambao Mwalimu ameupanga kwa ajili ya wageni. Fidla zilifika mwisho kwanza. Selo zilifika baadaye. Alois na besi yake iliyofungwa mpira alibaki njiani peke yake, na Mwalimu alipomuuliza yuko wapi alijibu kwamba hajui, alikuwa anatufuata sisi. Tulirudia mara nyingi mpaka Mwalimu akakaa chini akafunika uso.

Naliandika hili kwa shida. Nimekisogeza kile kiti mbele tena.

Januari 30
Matokeo yametoka. Nimepata daraja la pili. Mama alilia, akapika kuku, akasahau kunigombeza siku nzima. Nyanda amepata sifuri. Nilimkuta nje ya ukumbi, kofia mkononi, unyoya umelowa. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumkejeli tangu Desemba, nikashindwa kutoa hata moja.

Amesema baba yake ametuma neno. Shule imekwisha, kwa hiyo mvua zikikatika ataondoka na ng'ombe kwenda Mpanda kwa baba yake mdogo, na huko hakuna okestra.

Februari 3
Mwalimu ameamua twende Msanzi kumwomba Mzee Masunga, yeye, mimi na Nyanda. Alinichukua mimi kwa sababu nina daraja la pili na ninaonekana mtulivu kwa mbali. Njia ilikuwa tope tupu, tumelisukuma gari zaidi ya lilivyotubeba.

Mzee Masunga ni mrefu, mkimya, ana fimbo na ana kigoda chake ambacho hakikaliwi na mtu mwingine. Niliamkia "Mwangaluka" kama Nyanda alivyonifundisha njiani, naye akaniitikia kwa Kisukuma kirefu ambacho sikukielewa hata neno moja, nikabaki kutabasamu. Tulipewa maziwa. Mwalimu akaeleza okestra, urafiki wa mataifa, malezi ya vijana. Alieleza vizuri sana, nusura mimi mwenyewe nijiunge upya.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja. Tumeshamshinda nani?

Mwalimu akasema sisi hatushindani na mtu. Wageni wakija watapiga wao, kisha tutapiga sisi, kisha tutapiga pamoja.

"Zamu kwa zamu?" Mzee akauliza. "Sasa watu watachaguaje, kama mmoja ananyamaza mwenzake anapopiga?"

Hapo ndipo Nyanda alipoeleza, na ndipo nilipoelewa ile habari ya kushinda watu. Wasukuma wamegawanyika katika makundi mawili ya ngoma, Wagika na Wagalu. Baada ya mavuno makundi hayo hukutana uwanja mmoja, kila moja upande wake, yanapiga kwa wakati mmoja. Watazamaji wanakimbilia upande unaowavutia. Ambaye watu wamemkimbia ameshindwa, hakuna jaji wala cheti. Mzee Masunga ni Mgika tangu kuzaliwa. Jirani yake, Mzee Mboje, ni kiongozi wa Wagalu, na wawili hao wanaazimana mpaka chumvi lakini kwenye ngoma hawasameheani.

Mzee akatoa hukumu yake. Hao Waholanzi waletwe Msanzi. Tutapiga, yeye ataona kwa macho. Kama okestra ni ngoma ya kweli, Nyanda atabaki. Kama ni mchezo wa watoto, ng'ombe wanangoja. Akaongeza kwamba Aprili si msimu wa mashindano, lakini mgeni hapangiwi.

Mwalimu akakubali papo hapo. Kwenye gari nilimuuliza kama ameelewa alichokikubali. Alisema hilo ni tamasha la kawaida, na hayo mengine mpaka Aprili mzee atakuwa amesahau. Nyanda alitazama dirishani. Baba yake, amesema, bado anakumbuka ng'ombe aliyekufa kabla Nyanda hajazaliwa, na jina la huyo ng'ombe.

Februari 12
Msimu wa ntumba, matuta ya mviringo ya sisi Wafipa. Wiki nzima mimi na Mama tunafukia majani kwenye matuta. Mikono haishiki upinde, inashika jembe hata pasipokuwa na jembe.

Februari 21
Mvua. Nyanda amefika amelowa chapachapa, ngoma kazifunika kwa koti lake. Nilimwambia atakufa kwa kichomi. Akasema ngoma zenyewe ni kavu.

Machi 8
Mambo mawili. La kwanza, mguu wangu hauwahi tena. La pili, Mama ameniuliza kwa nini siku hizi napiga pasi blauzi ya kuendea mazoezini. Nimemwambia wageni wanakuja. Akasema wageni wanakuja Aprili. Nikamwambia najizoeza.

Si kwamba nampenda. Ana majivuno, anacheka akikosea, na ana tabia ya kugonga mdundo kwenye kitu chochote kilicho mbele yake, hata kitabu cha noti cha Mwalimu, hata mgongo wa Alois. Lakini akiwepo tunakuwa okestra. Asipokuwepo tunakuwa watu wenye vyombo. Na nikifikiri kwamba atakwenda kuchunga ng'ombe huko Mpanda, na huu ukumbi ubaki na kelele za bati tu, nasikia vibaya kifuani. Nimeliandika hivyo kwa sababu ndivyo lilivyo.

Machi 22
Jua tangu juzi. Sokoni watu wote wanalifurahia, Mama ameanika maharage. Mimi natazama mawingu kama mwenye shamba la mpunga. Mvua zikikatika kabla wageni hawajafika, anaondoka.

Machi 24
Mvua kubwa na radi. Maharage ya Mama yamelowa yote. Nimemsaidia kuyaokota kwa moyo mkunjufu mpaka akaniuliza kama naumwa.

Aprili 10
Wamefika. Ni vijana kumi na wanne na mwalimu wao, Bi. Hanneke, mama mwembamba mwenye sauti ya chini, anayeomba samahani hata akipishana na mbuzi. Walikuwa wamesoma kwamba Afrika ni joto. Ukungu wa Sumbawanga umewapokea wakiwa na kaptula, na sasa wamevaa makoti ya mitumba waliyonunua sokoni kwa Mama, maana Mama ameongeza makoti kwenye biashara ya maharage tangu aliposikia wanakuja.

Nimepewa kumtembeza Joris, mpiga selo, kijana mrefu wa kuinama kila mlangoni. Kwao ni wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Nilipomtambulisha kwa Nyanda walianza kuonyeshana kwenye simu picha za ng'ombe, mmoja baada ya mwingine, pembe, viwele, kwato, mpaka nikaenda zangu.

Aprili 12
Tamasha la mjini limepita vizuri. Tulipiga zamu kwa zamu kama Mwalimu alivyopanga. Katikati ya wimbo wao wa taratibu kabisa Mama alitoka kwenye kiti chake akicheza, akaenda kumtunza Bi. Hanneke kwa kitenge, akamfunga kiunoni kwa mafundo mawili mama wa watu akiwa bado anaongoza. Hakupoteza mdundo. Niliona hapo kwamba yule mama ana kitu ndani, ila sikujua ni nini.

Aprili 14
Nimerudi kutoka Msanzi. Naandika yote.

Mzee Masunga hakuwa amesahau. Tulipofika uwanja wa shule tulikuta maduara mawili ya majivu yamechorwa yakitazamana, na watu wamejaa, Wafipa kwa Wasukuma, wengine juu ya miti na matrekta. Mzee Mboje alikuwa ametangulia. Aliposikia Masunga ana okestra yake, alikwenda moja kwa moja kwenye gari la wageni akatangaza kwamba Waholanzi wote ni Wagalu kuanzia leo. Kabla hatujateremsha besi, Joris alikuwa ameshafungwa njuga miguuni, na Waholanzi wamepewa mbuzi wa kuwakaribisha, wanampiga picha.

Mwalimu alijaribu kueleza kwamba hili ni tamasha la ushirikiano. Mzee Masunga alimwambia kwamba ushirikiano ndio huu, mtu hawezi kushindana peke yake. Basi Mwalimu akaenda kumweleza Bi. Hanneke kwa Kiingereza kirefu, akiomba radhi, akitaja mila. Mama yule alisikiliza, akauliza kama ni kweli mwenye watu wengi mwishoni ndiye mshindi. Mwalimu akasema ndiyo, kwa bahati mbaya. Bi. Hanneke akavua koti, akavua na viatu, akawaita vijana wake wakainamiana vichwa pamoja. Tangu hapo sikumsikia akimwomba mtu samahani.

Tukaanza, pande zote kwa wakati mmoja.

Mwanzoni tuliwachapa. Sina neno jingine. Wimbo wa mavuno, watu wanaujua, na Nyanda alikuwa amezichoma ngoma zake kwa jua la asubuhi mpaka zikawa zinalia zenyewe. Alipiga amesimama, akapiga kwa kiwiko, akairusha ngoma moja juu akaidaka bila kukosa mdundo, na mimi mguu wangu uko sawa, na fidla zote ziko na mguu wangu. Wanawake wakaja na vigelegele. Duara letu likajaa mpaka upinde wangu ukawa unagusa matumbo ya watu. Kule ng'ambo Waholanzi walikuwa wanapiga kitu kizuri sana cha kulazia mtoto, wakitazamwa na Mzee Mboje na jamaa zake, nao walitazama kwa sababu ya undugu tu. Nilitabasamu mpaka meno yakaona baridi. Niliona Mpanda inakwenda mbali.

Kisha Joris akafanya jambo lake. Aliuweka upinde kwenye uzi mnene kuliko wote, akauvuta polepole, na selo ikalia kama ng'ombe anayeita ndama wake. Nasema kama ng'ombe kabisa. Vichwa vikageuka. Akavuta tena, na mpiga tarumbeta wao akamwitikia kwa sauti ya ndama aliyefungiwa. Bi. Hanneke alikuwa anawaongoza kwa mikono miwili na kitenge cha Mama kiunoni.

Ng'ombe wa Mzee Masunga walikuwa wanachungwa nyuma ya madarasa. Mmoja akajibu.

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko, watu wakaanza kukimbia. Joris akavuta tena, na yule ng'ombe, mwekundu, mwenye kiwele kikubwa, akatoka kwa mchungaji, akakatiza kati ya nguzo za goli, akaenda kusimama mbele ya selo na kuitazama. Joris hakuacha kupiga. Ng'ombe akalia, selo ikajibu, ng'ombe akalia tena. Watu walishikana wasianguke. Hata Alois niligeuka nikamkuta anatazama kule huku mkono unapapasa besi bila kusikika, na wapiga fidla wangu wawili walishindwa kupiga kwa kucheka.

Kwenye duara letu walibaki Mama, aliyekuwa amepanda gari letu tangu mjini, katekista wa parokia, na babu mmoja aliyekuwa amesinzia.

Mzee Masunga alikuwa amesimama katikati ya uwanja, kwenye mstari, na fimbo yake. Nyanda alimwona. Alipiga sijawahi kumsikia anapiga hivyo, jasho linaingia machoni, hakuna mchezo wala kurusha ngoma tena, anapiga tu akimtazama baba yake. Mzee naye alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. Kisha akageuka akaenda kwa Waholanzi.

Nililia. Nililia nikiwa napiga, machozi yakaingia kwenye fidla, na sikuacha kwa sababu Mwalimu alikuwa hajashusha mikono. Tuliumaliza wimbo wote mpaka noti ya mwisho. Mama alipiga makofi peke yake, kwa nguvu, kama anayefukuza ndege shambani.

Mzee Mboje alichinja. Joris alibebwa juu juu kuzunguka uwanja, na ng'ombe akamfuata. Nilikula nyama nikiwa bado nalia, maana nilikuwa na njaa pia. Kwenye gari nilimwambia Nyanda kwamba nitarudi kwa baba yake, nitampigia magoti, nitamweleza kwamba ng'ombe kuingia kwenye muziki si haki.

"Usiende," akasema. "Ameshaona."

Mpaka Sumbawanga hakugonga mdundo kwenye kitu chochote.

Aprili 15
Nyanda amerudi Msanzi na vitu vyake.

Aprili 17
Wageni wameondoka. Joris ameniachia uzi wa fidla wa akiba na ameniomba nimsalimie ng'ombe. Bi. Hanneke amekataa katakata kurudisha kitenge.

Aprili 19
Jua.

Aprili 20
Jua. Watu wanashangilia kwamba ulezi utakauka vizuri.

Aprili 22
Leo nilikwenda mazoezini kwa sababu tu Mama alinifukuza nyumbani. Anga ilikuwa safi, hakuna wingu hata la dawa. Tulikuwa tunaweka nyuzi sawa, mlango ukafunguliwa akaingia Mzee Masunga na fimbo na kigoda chake. Nyuma yake Nyanda, ngoma mabegani, na begi. Nilijua wamekuja kuaga kabla ya safari. Nilisimama nikaamkia shikamoo.

Mzee aliitikia, akaweka kigoda chake mbele kabisa, pale anapokaa Padre, akakaa. Akamwambia Mwalimu kwamba ng'ombe wanaondoka kesho na wanakwenda na mdogo wake Nyanda. Nyanda haendi.

Mwalimu alimshika mikono yote miwili. Alimshukuru, akasema alijua kwamba muziki mwishowe utamgusa moyo. Mzee alimtazama kwa huruma.

"Muziki gani, Mwalimu? Mmeshindwa. Mmeshindwa mbele ya Mboje, na nchi nzima imeona mpaka ng'ombe wangu ameona. Aliyeshinda anaweza kuacha ngoma kesho akaenda zake kuchunga, watu wakamsifu. Huyu ameshindwa, ataendaje? Mboje atasema Masunga amemficha mtoto Mpanda." Akageuza fimbo mkononi. "Hao Waholanzi wanarudi lini?"

Mwalimu akasema labda baada ya miaka miwili, mambo yakienda vizuri.

"Basi miaka miwili huyu ni wako. Wakirudi watukute tuko tayari."

Nyanda alikuwa ameshafika kwenye kiti chake na anakisogeza. Nilicheka, kisha nikaanza kulia, vyote viwili kwa pamoja, nikafunika uso kwa fidla. Mzee akanisikia. Alininyooshea fimbo.

"Binti. Wewe ndiye uliyekuwa unalia pale uwanjani huku unapiga?"

"Ndiyo, mzee."

Alitutazama wote mmoja mmoja, na macho yake yalikaa kwa Alois kwa muda, na Alois akaanza kuchunguza kamba za viatu vyake.

"Vizuri," akasema. "Hawa wengine walikuwa wanamcheka ng'ombe."

Kisha akamwambia Mwalimu tuanze upya, kutoka mwanzo.